Nilizamia meli kumtafuta pono

Katika mitaa iliyo jirani na bandari, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, ukisema kwamba fulani "amezamia meli" hakuna atakayedhani kwamba mtu huyo amepiga mbizi. Watu wataelewa kuwa amejificha ndani ya meli ya kigeni, hana tikiti wala pasipoti, na matumaini yake yote ni kushukia Ulaya. Kwa hivyo, niliporejea nyumbani kwa mama yangu huko Utange jioni moja, nywele zimekauka kwa chumvi na macho yamekuwa mekundu, nikamweleza kwamba siku hiyo nilikuwa nimezamia meli, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza: "Kwa umri huo, mwanangu? Na wale wanafunzi wa chuo umemwachia nani?"

Nilicheka, ingawa sikuwa nikimtania. Nilikuwa nimezamia meli kwa maana ya msingi ya kitenzi chenyewe: nilibeba mtungi wa hewa mgongoni, nikashuka baharini mkabala wa Bamburi, nikaifuata meli mahali ilipolala. Ninataka kukusimulia, msomaji, kilichonipeleka huko, maana hakikuwa anasa. Lilikuwa ni swali la mwanafunzi ambalo nilishindwa kulijibu.

Siku hiyo darasani tulikuwa tukijadili nahau. Mwanafunzi mmoja alisoma sentensi yake kwa sauti: "Mlinzi alilala usingizi wa pono." Nahau hiyo inajulikana na karibu kila mtoto aliyepitia shule zetu. Haikosi katika insha, na walimu huitilia alama ya kupendeza pambizoni. Nikawauliza wanafunzi: pono ni nani? Mmoja akasema ni mnyama wa porini aliye mvivu. Wa pili akasema ni ndege wa usiku. Wa tatu, kijana wa Pwani, akasema kwa hakika kwamba ni samaki, lakini nilipomuuliza ana rangi gani, anakula nini na analala wapi hata usingizi wake uwe mfano kwa wanadamu, akanyamaza. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Samahani, Daktari," akasema kwa adabu zote, "je, wewe umewahi kumwona pono akilala?"

Waama, sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemla. Nilikuwa nimemkuta juu ya meza za wauza samaki sokoni Kongowea na ndani ya kikaango cha mama yangu. Lakini samaki aliyelala usingizi na samaki aliyelala juu ya barafu ni mambo mawili mbalimbali. Nilitoka darasani nimetahayari. Mimi ni mtu wa isimu, nimeandika kurasa nyingi kuhusu maana ya maneno, na nimelelewa kilomita chache tu kutoka ufuoni. Ikiwa mimi sijui, nani atawajuza hawa?

Nilipofika ofisini nilifungua kamusi, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo leo. Utakuta samaki baada ya samaki amefafanuliwa kwa maneno matatu: "aina ya samaki". Pengine huongezwa kwamba ni mkubwa, au ni wa baharini, au ana miiba. Fafanuzi hizo si za uongo. Hata hivyo, hebu fikiria kamusi ambayo ingetuambia kwamba mwembe ni aina ya mti, mkoko ni aina ya mti na mbuyu ni aina ya mti, basi. Nani angeweza kuutambua mbuyu kwa msaada huo? Siwalaumu watunga kamusi peke yao, kwa kuwa sisi wanaisimu ni ndugu zao. Kamusi hutungwa mezani, na samaki hawafiki mezani ila wakiwa wamekwisha kuparwa magamba.

Huenda ukauliza: vipi mtoto wa Utange asiijue bahari? Utange iko Kisauni, nyuma ya Bamburi na Shanzu, na upepo wa kusi ukivuma harufu ya mwani hufika hadi vibarazani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa wetu ulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia. Wengi wa wakimbizi wa wakati ule walifika Mombasa kwa mashua na majahazi, na kutoka kwao sisi watoto tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba bahari yaweza kuwa njia ya kuokolea roho. Kisha ikaja tarehe 29 Aprili 1994. Siku hiyo kivuko cha Mtongwe kilipinduka, na watu zaidi ya 250 wakafa maji karibu kabisa na nchi kavu. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Kilio kilisikika kisiwani na bara pia. Mama yangu, kama akina mama wengi, alitoa amri: baharini hakuna kwenda tena. Nilitii. Nikakua nikiitazama bahari kama mtu atazamavyo nyumba ya jirani aliyegombana na wazazi wake.

Sasa ninapokumbuka amri ile, naiona ilivyokuwa na pande mbili. Ilitoka katika mapenzi, na hakuna mtoto wa kumlaumu mama kwa hilo. Lakini mtoto anayekatazwa maji hajifunzi kuogelea, na asiyejua kuogelea ndiye ambaye maji humwonea kwanza siku yakimpata. Fauka ya hayo, hupoteza lugha nzima. Majina ya maji, ya pepo, ya miamba na ya samaki hayamfikii ila kwa uvumi.

Basi nikajiandikisha kujifunza kupiga mbizi, nikiwa na umri ambao wenzangu hujiandikisha kupima shinikizo la damu. Nilianza kwa kuogelea, tena katika bwawa, pamoja na watoto walionishinda. Mwalimu wangu wa kuzamia alikuwa kijana wa Mtwapa ambaye ningeweza kumzaa. Yeye aliniita "mwalimu" kwa heshima ya kazi yangu, nami nikamwita "mwalimu" kwa heshima ya kazi yake, hata waliotusikia wasijue ni nani anayefundishwa.

Somo la kwanza lilikuwa la fizikia. Kila unaposhuka mita 10, uzito wa maji huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Katika kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la nchi kavu, na katika mita 30 huwa mara nne. Hewa unayoivuta huko chini imebanwa kwa kadiri hiyo hiyo. Ukiizuia kifuani ukapanda juu, itapanuka na kuyapasua mapafu. Kwa sababu hiyo amri kuu ya mpiga mbizi ni moja: usizuie pumzi kamwe. Amri ya pili ni kupanda polepole na kusimama kwa dakika chache katika kina cha mita 5, ili naitrojeni iliyoyeyuka ndani ya damu itoke taratibu. Haraka haraka haina baraka. Baharini methali hii ni sheria ya tiba.

Somo la pili lilikuwa la lugha, na hapo nilijiona niko nyumbani. Chini ya maji hakuna kusema. Watu huzungumza kwa mikono, na alama zenyewe ni chache: sawa, simama, tazama, hewa imepungua, twende juu. Nikamwambia kijana kwamba alama hazitanisumbua, kwani nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi nadharia ya Ferdinand de Saussure, kwamba uhusiano wa alama na maana yake ni wa nasibu, unaotegemea mapatano ya jamii tu.

Siku ya kwanza ya kuiendea meli tulitoka na mashua asubuhi, maji yakiwa yamejaa na bahari imetulia. Meli yenyewe ni MV Dania. Ilikuwa ikisafirisha mifugo, urefu wake ni takriban mita 80, na mwaka 2002 ilizamishwa makusudi mkabala wa Bamburi ili iwe makazi ya viumbe wa baharini na kivutio cha wapiga mbizi. Imelala katika kina cha mita 30 hivi. Mimi, kwa kuwa ni mwanagenzi, sikuruhusiwa kupita mita 18. Nilikubaliwa kuziona sehemu za juu tu, na mchanga niutazame kwa mbali.

Tulishuka tukiishika kamba. Kwanza sikuona kitu ila samawati. Kisha giza fulani likaanza kupata umbo, mistari ikanyooka, na meli nzima ikajitokeza chini yangu kama nyumba inavyojitokeza katika ukungu wa alfajiri. Moyo ulinienda mbio. Nilikumbuka Mtongwe. Kijana akanigeukia akaniuliza kwa kidole kama niko sawa. Nami, kwa furaha na hofu iliyochanganyika, nikamwinulia kidole gumba, kama tufanyavyo mitaani tukitaka kusema mambo ni mazuri. Lo! Chini ya maji gumba la kuelekea juu halina maana hiyo. Maana yake ni "twende juu". Kijana hakubisha. Akanishika mkono, tukapanda taratibu kama sheria inavyotaka, na tulipotoa vichwa nje akaniuliza kwa wasiwasi, "Kuna nini, mwalimu?" Hapakuwa na kitu. Mtaalamu wa alama nilikuwa nimesema lugha ya nchi kavu katika nchi ya watu.

Siku ya pili nilikwenda na kamera ndani ya kasha lisiloingia maji. Safari hii vidole vyangu vilikuwa na nidhamu. Niliiona omo, niliiona tezi, na kati yake uwazi mweusi wa ngama, mahali mifugo na shehena huhifadhiwa. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi kwa kuchora mashua ubaoni. Hapo ndipo nilipoielewa kwa mwili. Chuma chote kilikuwa kimevikwa mwani na matumbawe machanga. Wanabiolojia hueleza kwamba utando mwembamba wa vijidudu na mwani hutangulia, kisha mabuu ya matumbawe na ya chaza yanayoelea majini hunata juu yake, halafu huja samaki wadogo kutafuta maficho, na nyuma yao wakubwa kuwatafuta wadogo. Kundi la kolekole lilipita juu yetu, likageuka kwa pamoja, likapotea. Nilipiga picha nyingi kadiri nilivyoweza.

Baada ya kupumzika juu ya mashua, tulishuka tena penye mwamba wa kina kifupi. Huko nilisikia sauti kama ya mtu anayetafuna mifupa ya kuku. Nilimsikia kabla ya kumwona: pono, wa kijani na samawati, mdomo wake kama wa kasuku, akiukwangua mwamba kwa meno. Hula mwani ulio juu ya tumbawe pamoja na vipande vya tumbawe lenyewe, husaga vyote, kisha hutoa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufuoni imepitia tumboni mwa samaki huyu. Nilimpiga picha, nikarudi nimeshiba furaha.

Picha ziliposafishwa, furaha ilipungua. Zote zilikuwa samawati. Maji humeza rangi nyekundu katika mita chache za mwanzo, ikafuatia ya machungwa, kisha manjano. Anayetaka rangi za kweli hana budi kubeba taa. Changu, tewa, pono na chuma, wote walikuwa wa rangi moja ya huzuni. Hata hivyo nilizichukua, nikaenda nazo kwa mzee mmoja jirani yetu, mvuvi aliyestaafu, ili anitajie majina niyaandike nyuma ya kila picha.

Nilimwamkia, akaniitikia, tukaketi kibarazani. Nilipomkabidhi picha alizishika kwa heshima lakini hakuzitazama. Mtoto wa jicho ulikuwa umemtanda macho yote mawili. "Mimi sina macho ya picha, mwanangu," akasema. "Nambia wewe. Ulimuonea wapi?"

"Penye meli, Mzee."

"Penye meli, wapi? Juu, ubavuni, au ndani? Alikuwa peke yake au na wenziwe? Maji yalikuwa yajaa au yapwa? Alikuwa akila nini?"

Sikuwa na jibu hata moja. Wakati wote ule jicho langu lilikuwa ndani ya kamera, likishughulika na umbali na mwanga. Mzee alisubiri, kisha akanirudishia picha zangu kwa upole. "Basi hukumuona," akasema. "Ulimpiga picha tu."

Msomaji, nimepata kusahihishwa na maprofesa wa nchi mbalimbali, lakini sijasahihishwa kwa maneno machache namna ile. Mzee alikuwa amenionyesha kasoro ya picha zangu na ya kamusi zetu kwa pamoja. "Aina ya samaki" ni picha ya samawati. Inatuambia kwamba kitu kipo. Haituambii kinaishi vipi.

Mara ya tatu nilishuka bila kamera. Nilichukua kibao cha plastiki na penseli, kwa kuwa penseli huandika hata majini, nikachagua mahali pamoja nikatulia. Niliona samaki wadogo wenye rangi kali na midomo membamba, wakitembea wawili wawili kama mke na mume waendao arusini. Nilimwona mkunga ametoa kichwa ndani ya bomba, akifumbua na kufumba mdomo, nami nikakumbuka kuelezwa kwamba hivyo ndivyo anavyopumua, wala si vitisho. Nilimwona samaki mnene mwenye mabaka amesimama mlangoni kama bawabu, kinywa wazi, na kisamaki chembamba kikiingia na kutoka humo kumsafisha meno, naye asikimeze. Kisha penye mwamba nikaona kundi la samaki wa rangi ya udongo wakila pamoja na pono mmoja tu wa kijani.

Kibarazani, safari hii, nilisoma kibao changu, na mzee akanipa majina kabla sijamaliza sentensi. "Wawili wawili, mdomo kama sindano? Huyo ni kitatange." (Kitatange, kwa njia, ni jina analopewa pia mtu mchonganishi. Na wanafunzi wangu msiharakishe kuliunganisha na Utange: kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja.) "Mnene, mlangoni? Tewa huyo." Nilipofika kwa lile kundi la rangi ya udongo, nikasema kwamba yule mmoja wa kijani bila shaka alikuwa mgeni miongoni mwa samaki wa jamii nyingine. Mzee akacheka. "Wote ni pono. Nyumba moja hiyo. Huyo wa kijani ndiye mume wao."

Nilitilia shaka, nikamuuliza mwenzangu wa idara ya biolojia. Akanithibitishia neno kwa neno. Katika jamii nyingi za pono, samaki huanza maisha akiwa jike mwenye rangi hafifu, na baadaye baadhi yao hugeuka madume wenye rangi kali. Tena akaongeza kwamba wataalamu wa zamani walihadaiwa na rangi hizo hata wakawapa dume na jike wa jamii moja majina mawili ya kisayansi, wakidhani ni samaki wawili mbalimbali. Mzee ambaye hakusoma sayansi hiyo hakuwa amehadaiwa.

Nikamuuliza hatimaye swali la mwanafunzi wangu. Je, ni kweli kwamba pono hulala hivyo? Akasema kwamba ujanani walipokuwa wakivua usiku kwa karabai, walimkuta pono amejipenyeza ufani mwa mwamba, hana habari na taa wala na mtu, hata ukaweza kumtoa kwa mkono. Wengine, akasema, hujifunika utando kama kamasi, wakalala ndani yake kama mtu ndani ya chandarua. Sayansi inaujua utando huo. Pono huutoa kinywani jioni, na humkinga na vimelea wanyonyao damu. Kumbe nahau tuliyoikariri kama pambo la insha ilikuwa ni ripoti ya uchunguzi. Kuna mtu, karne zisizojulikana idadi, aliyeinama juu ya maji usiku akaona, akasema, na wenzake wakalipokea neno lake kwa sababu nao walikuwa wameona.

Linganisha na meli nyingine ya Mombasa. Mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira Ngome ya Yesu, manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wanaakiolojia wakiongozwa na Robin Piercy waliifukua chini ya maji, na vitu vilivyotolewa humo huonyeshwa katika makumbusho ya ngome hadi leo. Wareno walishindwa mwaka 1698 na meli yao ikabaki mchangani, lakini maneno yao yameelea: meza, bendera, leso, mvinyo, parafujo. Neno halizami na chombo kilicholileta. Huzama pale tu watu wanapoacha kulitumia wakijua walitumialo.

Nalo jina tewa lina funzo lake. Katika Kiswahili sanifu samaki huyo ni chewa, kama vile mtele ni mchele na kuteka ni kucheka. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita kikakaa kando katika mji wake chenyewe. Siyafukui hayo ili kugombanisha lahaja. Usanifu umetupa shule, magazeti na mitihani ya pamoja. Lakini mtoto wa Kisauni anayeambiwa kwamba "tewa" ni kosa hujifunza pia kwamba babu yake ni kosa, na baada ya hapo hatamuuliza babu lolote.

Wala muda hautungoji. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Kenya yakapauka na kufa. Meli iliyozamishwa yaweza kuwapa samaki maficho. Haiwezi kuchukua nafasi ya mwamba mzima. Samaki akitoweka, jina lake hubaki kwa kizazi kimoja au viwili, kisha hugeuka kuwa kama pono wa darasani kwangu: mnyama wa porini, ndege wa usiku, chochote kile.

Walimu wenzangu, hatuhitaji mitungi ya hewa ili kuanza. Siku za bamvua, maji yakipwa, mwamba huwa wazi hadi mbali, na darasa laweza kutembea juu yake chini ya uangalizi wa watu wazima wanaoyajua maji. Mpeni kila mwanafunzi daftari na maswali ya yule mzee: umemwona wapi, alikuwa na nani, maji yalikuwa yajaa au yapwa, alikuwa akila nini, na nyumbani kwenu anaitwaje? Majibu hayo matano, yakikusanywa na shule za Kisauni, Likoni, Lamu na Vanga, yatatupa kamusi ambayo sisi wa ofisini hatuwezi kuitunga. Walio mbali na bahari wanayo Ziwa Victoria na Tana, nako kuna wazee na kuna samaki. Nanyi wanafunzi, mkiandika tena "usingizi wa pono", ulizeni kwanza. Na mjifunze kuogelea, ili mama zenu wasiwe na haja ya kutoa amri kama ya mama yangu.

Mimi nimemwona pono akiwa macho. Akiwa usingizini, bado. Mzee anangojea kutolewa mtoto wa jicho, na ameniahidi kwamba akipona tutangoja usiku wa maji yaliyotulia, tuchukue karabai na mtumbwi, anionyeshe mwenyewe. Mama yangu amekwisha kupewa taarifa. Ameniuliza jambo moja tu, kama nina hakika kwamba safari hii gumba nitaliweka mfukoni.